Kabla hujakata tofali la kuba ya tanuri

Siku mbili nzima nilikata matofali. Vipande mia moja na hamsini vya nusu tofali, vyote kwa kipimo kimoja na pembe moja, nikavipanga kando ya ukuta chini ya mwembe nikiona kazi ngumu imekwisha. Wiki mbili baadaye vingi kati ya hivyo nilivikata upya. Nawaandikia ninyi mnaotaka kujenga tanuri la piza lenye kuba nyuma ya nyumba, hapa Lubumbashi au kwingine, msije mkapoteza disiki za kukatia, umeme na nguvu kama nilivyopoteza mimi.

Nilikuwa naoka mikate ya kuuza kwenye pipa, kwa makaa, na wateja wa Jumamosi wakaanza kuulizia piza. Piza inataka joto la nyuzi 350 hadi 450, na pipa la chuma haliwezi kulishika joto hilo: linapanda haraka, linashuka haraka, chini panaungua na juu bado pabichi. Kuba ya matofali inakunywa joto kwanza, kisha inalirudisha toka juu na pande zote. Nikachagua kipenyo cha ndani cha mita 1, hivyo kimo cha kuba kikawa sentimita 50, na mlango nikaupa kimo cha sentimita 32. Huo mlango usiubahatishe. Uwe karibu asilimia 63 ya kimo cha kuba. Ukizidi hapo joto linakimbia, ukipungua sana moto unakosa hewa na moshi unajaa ndani.

Kuhusu matofali yenyewe. Mekundu yetu ya udongo wa vichuguu ni mazuri kwa msingi na kwa ukuta wa nje. Mzee anayeniuzia huchukua mawili, moja kila mkono, akayagonganisha karibu na sikio langu: "Sikia, mama." Yaliyoiva yanalia kama kengele, mabichi yanatoa sauti nzito iliyokufa. Kwa kuba nilinunua matofali ya kuhimili moto yaliyoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye urefu wa milimita 230, upana 114 na unene 64. Asiye na uwezo huo ajenge kuba kwa mekundu yaliyoiva sawasawa. Yatameguka uso mapema zaidi, lakini yataoka.

Ila kuna matofali nayakataza kwa nguvu zangu zote. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kuna mtu aliniletea matofali mazito, meusi upande mmoja, ya bei ndogo mno, akasema yametoka kwenye tanuru la zamani la kuyeyushia. Nilimrudishia. Matofali ya tanuru za shaba mara nyingi yametengenezwa kwa magnesia na kromu, na kwa miaka yote ya kazi yanaweza kuwa yamenyonya madini ya risasi na aseniki. Huwezi kulaza unga wa watoto wako juu ya kitu hicho, na vumbi lake wakati wa kukata ni sumu zaidi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kuba inapanda kwa pete, moja juu ya nyingine, na kwa vipimo vyangu zilikuwa pete kumi na mbili. Nilifikiri tofali ni tofali. Pete tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Pete ya nne ikaanza kuacha mapengo yenye umbo la V iliyopinduliwa, ncha juu, mdomo chini. Ya sita, mapengo yale yalimeza kidole changu, nami nikawa nayajaza udongo. Fundi niliyekuwa naye, mzee mmoja tunayemwita papa, aliyejenga nyumba maisha yake yote, aliweka mwiko chini akaniambia: "Mama, huu si ukuta tena. Udongo umekuwa mwingi kuliko tofali." Alikuwa sahihi. Tulibomoa hadi pete ya tatu.

Kuba inashikwa na matofali yanayokabana. Kila moja linataka kuanguka ndani na jirani zake wanalizuia. Udongo kazi yake ni kujaza na kuziba tu. Uso unaotazama moto ukiwa na udongo mnene, moto utaukausha, utaulegeza, na siku moja utakuta mchanga juu ya piza ya mteja. Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni hii: ndani tofali liguse tofali, nyuma pengo libaki. Kwa nusu ya tofali yenye upana wa milimita 114, nyuma ya pete ya kwanza hubaki pengo la karibu milimita 26, na hilo lisikutie hofu. Lijaze udongo na vibanzi vya matofali uliyokata. Mimi sikutupa kibanzi hata kimoja.

Pembe je? Tofali likiinama ndani, ukingo wake wa juu unakaa kwenye duara dogo kuliko ukingo wa chini. Basi uso wake wa ndani lazima upungue upana kuelekea juu, na upungufu huo hubadilika kwa kila pete. Kwa tanuri la kipenyo cha mita 1, pete ya kwanza inahitaji kupunguzwa nusu milimita tu kila upande, yaani unaweza kuacha. Pete ya saba inahitaji milimita 8 kila upande. Ya tisa, ukitumia nusu zilezile, zaidi ya 13. Unaona sasa kwa nini vipande vyangu mia moja na hamsini vilikuwa kazi bure? Kata pete moja, ijenge, ndipo upime inayofuata. Hakuna hesabu ya kukusumbua: weka vipande viwili vikavu bila udongo, vigusane juu, pima pengo la chini, gawa kwa mbili, ondoa kiasi hicho kwenye pembe ya juu ya kila kimoja. Kuanzia pete ya nane nusu zilikuwa pana mno na duara likawa na kona kona, nikazigawa tena kuwa robo. Na viungo vya kusimama visifuatane toka pete hadi pete, maana ufa hupenda njia iliyonyooka.

Cha kukuongoza ni chuma kimoja tu. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea fimbo inayozunguka na kuinuka kwenye bawaba katikati ya sakafu, na kwenye ncha yake kipande cha chuma chenye umbo la L. Urefu wake toka katikati hadi kwenye L ni sentimita 50 kamili. Kila tofali linakaa kwenye ile L, na hapo halina namna ya kukosea: umbali ni uleule, mwinamo unajipanga wenyewe. Fimbo hiyo pia inalishika tofali dakika chache hadi udongo ukamate.

Kukata kwenyewe kunaendaje? Chukua tofali, lizamishe ndani ya ndoo. Litatoa mapovu, mengi mwanzoni, kisha moja moja. Yakikoma, litoe. Chora mstari kwa penseli pande zote nne, usichore juu peke yake, kwa sababu mstari wa upande mmoja hukudanganya. Kwa kugawa nusu, disiki ya almasi ipite kidogo, kina cha milimita 5 kuzunguka tofali lote, halafu weka tindo kwenye mfereji na gonga mara moja kwa nyundo. Linaachana kwa sauti safi, na disiki yako inaishi mara mbili. Lile pasuko lenye mikwaruzo liweke nyuma, linashika udongo vizuri. Uso laini wa kiwandani uelekee moto. Kwa pembe za pembeni tindo haisaidii, pale disiki ipite hadi mwisho. Usikubali disiki ya kukatia chuma hata ukiambiwa inakata kila kitu. Mimi niliuziwa moja ya namna hiyo na iliisha kabla ya tofali la tatu.

Na vumbi, jamani. Vumbi la tofali kavu lina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Sisi wa mji wa migodi tunawajua wazee wanaokohoa. Ndiyo sababu ya ile ndoo. Vaa barakoa nzito, kitambaa cha kufunga pua hakitoshi, na watoto wawe mbali, nguo zianuliwe. Ila maji ni ya kulowesha tofali. Usiyamimine juu ya mashine ya umeme. Vaa buti za mpira, mikono mikavu, waya usilale kwenye tope. Umeme ulikuwa ukikatika mchana, nikajikuta natamani kukata usiku pindi ukirudi. Niliacha. Kazi hii inataka macho yanayoona.

Udongo wa viungo niliochanganya ni mchanga mafungu 3, saruji 1, chokaa 1, na udongo wa kichuguu uliochekechwa laini 1. Saruji hukamata mwanzoni. Joto likishaidhoofisha, chokaa na udongo ndivyo vinavyobaki kazini. Loweka tofali kidogo kabla ya kulijenga, la sivyo litanyonya maji ya udongo wote.

Pete mbili za mwisho zimelala kiasi kwamba fimbo peke yake haitoshi. Tuliweka ubao juu ya nguzo fupi ndani, tukarundika mchanga mbichi tukaupa umbo la kuba, tukaufunika magazeti yaliyolowa. Tundu la juu kabisa nililipima kwa karatasi, nikahamishia umbo lile kwenye tofali zima, nikakata kidogo kidogo, nikijaribu na kutoa, mara saba au nane. Liwe pana juu na jembamba chini kama kizibo. Lilipoingia, papa aligonga mara mbili kwa mpini wa nyundo, nami nikaingiza mkono mlangoni nikaanza kutoa mchanga konzi kwa konzi.

Jenga kiangazi, kati ya Mei na Septemba, mvua isikukute na kuba mbichi. Iache wiki nzima, kisha washa moto mdogo wa vijiti kila siku kwa siku saba, ukiongeza taratibu. Siku za kwanza utaona mvuke unatoka kwenye viungo. Maadamu unatoka, usiongeze kuni. Siku ya moto mkubwa kuba itakuwa nyeusi kwa masizi, halafu weusi utaanza kuungua toka juu, mpaka rangi ya tofali irudi. Hapo kusanya makaa pembeni, futa sakafu kwa kitambaa kibichi kwenye mti, na uingize piza ya kwanza.