Samaki wa kuokwa ndani ya chumvi haparwi magamba

Usimpare huyo changu, na kama kisu kimekwisha kushika kazi, kiweke chini sasa hivi. Umeandika kwamba una changu wa kilo moja na nusu, kwamba utampara, utamchanja mikato mitatu kila ubavu ili viungo viingie, kisha utamzika katika chumvi na kumtia ovenini. Umeuliza joto liwe kiasi gani, chumvi ilowanishwe kwa maji au kwa ute wa yai, na mezani aandamane na nini. Maswali hayo yanaweza kusubiri, kwa sababu mpango huo wa kupara na kuchanja ndio ulioniharibia changu mzima, mnono, siku ambayo wakwe zangu walikuwa wamekaa sebuleni wakingoja kuitwa mezani.

Maelekezo yale niliyapata kwa mpishi mmoja wa video, ambaye alisema bila kusita kwamba samaki asafishwe kama anayekwenda kukaangwa. Kwetu sisi, samaki wa kukaangwa hutumbuliwa kwa kupasuliwa tumbo lote, huparwa mpaka ngozi ing'ae, kisha huchanjwa, na kijana wa sokoni huyafanya hayo yote kabla hujamaliza kuhesabu fedha. Mpishi huyo alionyesha ganda la chumvi likipasuka, akatabasamu, na video ikaisha kabla hajatia hata tonge moja kinywani. Ndilo linaloniudhi mpaka leo: mtu anawafundisha watu kuteketeza samaki wa bei ile, na yeye mwenyewe haonyeshi kwamba alimla.

Ganda langu lilikauka vizuri na jikoni palinukia. Nilipolivunja, ngozi ilitoka vipande vipande ikiwa imegandamana na chumvi, na kila mahali ilipochanika punje zilikuwa zimelala juu ya nyama. Katika mikato hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani maji ya chumvi yalikuwa yameteremka mpaka kwenye mfupa. Tulijaribu kukamulia ndimu, tukajaribu kuichambua nyama na kuitia katika tui la nazi, na hilo tui nalo likaharibika. Mchuzi uliozidi chumvi unaweza kuongezewa viazi au maji, lakini nyama ya samaki iliyokwisha kunywa chumvi hadi ndani haina dawa.

Sababu yake si fumbo, na mtu wa pwani anapaswa kuiona mara moja. Anayetengeneza ng'onda humpasua samaki, humkunjua, kisha humpaka chumvi, kwa kuwa anataka chumvi iingie katika nyama na kuyatoa maji yake ili samaki akae bila kuoza. Sisi tunataka kinyume chake kabisa. Chumvi inayomzunguka samaki ovenini kazi yake ni kushika moto na kuuzuia mvuke usitoroke, ili nyama iive kwa majimaji yake yenyewe, na kinachoitenga chumvi na nyama ni ngozi nzima yenye magamba yake. Magamba huishikilia ngozi isichanike, na samaki anapofunuliwa, ngozi na magamba hutoka pamoja vikiwa vimebeba chumvi yote. Ukipara, umeondoa kinga. Ukichanja, umefungua mlango.

Nchini Hispania, katika pwani za Murcia na Andalusia ambako samaki wa baharini aitwaye dorada, aliyeokwa katika chumvi, ni chakula kinachojulikana sana, mteja humwambia muuza samaki kwamba huyu ni wa chumvi, naye humwachia magamba yake yote. Nawe mwambie kijana wa sokoni hivyo hivyo, tena simama hapo umtazame, maana mkono wake umezoea kupara. Atoe matumbo kupitia kwenye matamvua, au kwa tundu dogo tu lisilozidi upana wa vidole viwili. Viungo unavyotaka viingie, yaani vipande vya ndimu, kitunguu saumu na majani ya kotmiri, vipitishe katika tundu hilo hilo, na humo ndani usitie chumvi hata chembe.

Chumvi yenyewe iwe ya mawe, kama ile inayovunwa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, au Bagamoyo, kwa sababu chumvi laini ya paketi huyeyuka upesi na kugeuka maji makali yanayotafuta pa kupenya. Kwa samaki wako tayarisha kilo tatu. Maji yanatosha, nyunyiza kidogo kidogo mpaka ishikane kama mchanga wa ufukweni uliolowa, ingawa ute wa mayai mawili au matatu hulifanya ganda liwe gumu zaidi. Oveni ipate nyuzi 200 kabla samaki hajaingia, akae humo dakika 30 hadi 35, kisha umwache nje dakika kumi bila kumvunjia ganda, aendelee kuiva mwenyewe kwa joto lililobaki katika chumvi.

Kama umekwisha kumpara, usimzike katika chumvi kwa kuona uchungu wa kazi uliyofanya. Mpake ukwaju na pilipili umchome juu ya makaa, na changu wa chumvi umnunue siku nyingine. Siku hiyo ikifika, gonga ganda pembezoni, linyanyue vipande vikubwa vikubwa, pangusa punje zote kwa brashi kavu, na ndipo uikate ngozi mgongoni na kuivua kuelekea tumboni, kwa kisu kingine, si kile kilichogusa chumvi.