Paka wa Jikoni na Simba wa Mikumi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita tuliwapeleka watoto Mikumi, na kilichotushangaza si ukubwa wa simba bali jinsi alivyofanana na paka wetu: alijilamba mguu wa mbele, akajinyoosha, kisha akatupa kisogo kana kwamba gari letu halipo. Mume wangu anashikilia kuwa paka hana shukrani, na kwamba mbwa angalau humjua bwana wake. Je, watu wanampendea nini mnyama wa namna hii, awe wa porini au wa nyumbani? (Mama wa watoto watatu, Temeke)

JIBU: Dada yetu, mfanano mliouona si wa bahati. Simba, chui, duma, mondo (yule paka wa porini mwenye masikio makubwa), simbamangu na huyo paka wako ni wa ukoo mmoja wenye spishi zipatazo 40, nao wamebaki karibu sana kimaumbile, hata ukishamzoea mmoja unawatambua wengine kwa mwendo tu: mabega yanayopanda na kushuka, nyayo zisizotoa sauti, makucha yanayofichwa mpaka yatakapohitajika. Duma ndiye aliyekwenda kinyume kidogo, kwa sababu makucha yake hayafichiki yote, tena hawezi kunguruma kama simba. Mnyama huyu anayekimbia karibu kilomita 100 kwa saa hukoroma kama paka wa jikoni, na pengine hulia kama kifaranga. Ule mkwaruzo unaousikia paka anapokulamba mkono unaonukia dagaa unatokana na vimiba vidogo vilivyopinda kuelekea kooni. Simba anavyo pia, ila vyake hukwangua nyama iliyoganda kwenye mfupa.

Kuhusu shukrani, naomba nitofautiane na shemeji. Mbwa ametokana na wanyama waishio kwa kundi, kwa hiyo kumfuata mwenzake kumo katika asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye baadhi yetu humwita kimburu na ambaye hadi leo yumo katika mapori yetu, akiwinda peke yake usiku bila kupokea amri ya yeyote. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, panya walifuata ghala, na paka akafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbuaji wamekuta paka aliyezikwa kando ya binadamu miaka ipatayo 9,500 iliyopita, nasi tunajua kwamba kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, hivyo lazima mtu alimpakia chomboni. Ng'ombe na mbuzi tuliwafuata sisi. Paka alikuja mwenyewe, akaona panamfaa, akakaa. Imani ya mnyama asiyelazimika kutuamini ina ladha yake, na nadhani hapo ndipo mvuto wenyewe ulipo.

Pita Feri asubuhi uwatazame wale wa sokoni. Paka hasumbui wala halii. Hukaa hatua tatu kutoka kwenye meza ya kuparia samaki, miguu ameikunja chini ya kifua, macho nusu yamefumbwa, mfano wa afisa wa forodha aliyechoka. Utumbo wa samaki ukidondoka, unageuka kumtazama paka na paka hayupo, na utumbo nao haupo. Huyo ni chui kamili, amepungua kimo tu.

SWALI: Paka wangu ananipenda mimi, au anapenda vibua ninavyomletea? (Mpangaji, Sinza)

JIBU: Anapenda vyote viwili, na hakuna ubaya. Zingatia hata hivyo kwamba paka waliokomaa ni nadra kuitana kwa "nyau" wao kwa wao; sauti hiyo wanaitumia zaidi kwetu sisi. Akija amesimamisha mkia anakusalimu, na akikukanda mapajani anarudia alivyokuwa akilikanda ziwa la mama yake. Akikutazama huku akifumba macho polepole, nawe mfumbie vivyo hivyo. Ukimkodolea macho atadhani unatafuta ugomvi.

SWALI: Nimeona picha mitandaoni za watu wa nje wakifuga mondo sebuleni. Nami naweza? (Kijana, Kinondoni)

JIBU: Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujichukulia mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali, na hata isingekuwapo, mondo huruka zaidi ya mita 2 kwenda juu na huweka mipaka yake kwa mkojo, jambo ambalo makochi yako hayatalisahau. Ukijaliwa kufika Ngorongoro, tazama nyasi ndefu mapema asubuhi. Utaanza kuyaona masikio.