Binti wa Darasa la Sita Anataka Kujipodoa: Aanze na Nini?

Barua nyingi tulizopokea kutoka Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe zinahusu mabinti wa miaka 9 hadi 12 ambao wameanza kudai lipshaini, wanja na poda. Wazazi wengine wanataka kukataa moja kwa moja, wengine wamekwisha nunua na sasa wana wasiwasi. Tumechukua maswali matano.

Swali: Binti yangu ana miaka 11. Desemba mama yake mdogo anaolewa, naye yumo kwenye watoto watakaotangulia maharusi. Saluni wameahidi kumpamba kama watu wazima, na tangu asikie hivyo hanipi nafasi: lipshaini, wanja, faundesheni. Sitaki kumnyima kabisa, lakini sitaki aharibike ngozi. Aanze na nini?
*Mama wa binti, Uyole, Mbeya*

Jibu: Mama, aanze na midomo, na kwa muda abaki hapohapo. Kipodozi cha kwanza cha mtoto kiwe kile anachoweza kukitoa mwenyewe kwa maji na sabuni, bila kusugua, kabla ya kulala. Lipshaini na poda kidogo vinafaulu mtihani huo. Faundesheni, maskara na kope za bandia havifaulu.

Kwenye lipshaini, shida kubwa ni harufu. Zile zenye ladha ya stroberi au chokoleti humfanya mtoto alambe midomo bila kujijua. Mate yakikauka huondoka na unyevu wa mdomo, midomo inapasuka, mtoto anapaka tena, analamba tena. Kwa upepo mkavu wa Juni na Julai huku kwetu, baada ya siku chache utaona duara la vipele na weusi kuzunguka mdomo, hata chini ya pua. Zile zinazowasha kidogo au kuleta ubaridi, kwa sababu ya mentoli, kafuri au mdalasini, nazo ziache. Huko kuwasha ni ngozi inalalamika.

Tafuta lipshaini isiyo na harufu, yenye rangi nyepesi inayokaribia rangi ya mdomo wake, iliyo kwenye tyubu ya kuminya na si kikopo cha kuchovya kidole. Asome lebo pamoja nawe: neno "parfum" au "fragrance" likiwemo, rudisha kwenye rafu. Iwe yake peke yake, asiazime wala kuazimisha, kwa sababu vidonda vya homa mdomoni husafiri kwa njia hiyo. Kama midomo yake imekwisha pasuka, kwanza atumie mafuta ya mgando yasiyo na harufu asubuhi, mchana na kabla ya kulala mpaka ipone. Rangi juu ya mdomo uliopasuka huchoma na huonekana vibaya.

Poda ije ya pili. Katika umri huu tezi za mafuta zinaanza kuamka, hasa kwenye paji la uso na pua, na ndipo binti anapoona anang'aa kwenye picha. Hapo ndipo poda inapohitajika, si uso mzima. Chovya brashi laini, ikung'ute mara mbili, kisha pitisha paji la uso, pua na kidevu. Rangi ijaribiwe kwenye taya, nje kwenye mwanga wa jua. Taa ya duka inadanganya, na poda iliyozidi weupe ikipigwa flashi humgeuza mtoto kuwa na uso wa majivu.

Faundesheni tungeomba uikatae, hata kwa siku ya harusi. Ngozi ya miaka 11 haina cha kufichwa, na ile nzito huziba vinyweleo wakati huohuo ambao mafuta yanaongezeka. Chunusi zikitoka mtoto huzitumbua, na kwenye ngozi yetu nyeusi kila kilichotumbuliwa huacha doa linaloweza kukaa miezi. Ndipo anapoanza kutafuta krimu ya kuondoa madoa, na huko kuna hatari kubwa zaidi, kama utakavyosoma kwenye swali linalofuata.

Wanja unaweza kusubiri. Ukiona lazima kwa siku hiyo, iwe penseli ya kahawia yenye lebo, ichongwe upya kabla ya kutumia, na mstari upite nje ya kope, usiingie ndani kwenye ukingo wenye unyevu. Wanja wa unga unaouzwa kwenye vichupa visivyo na maandishi usimguse kabisa. Baadhi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kila kipya kijaribiwe kwanza. Paka sehemu yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 100 upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Usijaribu viwili pamoja, maana vipele vikitoka hutajua mkosaji ni yupi. Anza basi angalau wiki tatu kabla ya harusi: lipshaini wiki ya kwanza, poda ya pili, na wiki moja ibaki ya kupona kama kitu kimemkataa. Mwenye pumu ya ngozi aanze mapema zaidi.

Saluni uende na vyake kwenye mfuko, na uwaambie kabla hajakaa kwenye kiti: sponji ya wateja wengine hapana, kope za gundi hapana. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea nchini, wengi walijifunza jinsi jicho linavyoambukizwa kwa urahisi na vitu vya kuchangia. Siku yenyewe aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta mepesi, asubiri kama dakika kumi yaingie, ndipo poda, ndipo mdomo. Poda juu ya mafuta mabichi hushikana madonge.

Usiku, hata kama sherehe imeisha saa sita, asilale nayo. Wanja utolewe kwa pamba yenye mafuta ya mgando kidogo, jicho limefumbwa, ukipangusa taratibu kuelekea nje. Kisha uso wote kwa sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya mche iache kwenye beseni la nguo, ni kali mno kwa uso wa mtoto.

Swali: Nilimletea binti yangu wa miaka 10 boksi la vipodozi la watoto, lina picha ya mdoli na rangi kama ishirini. Ndani kuna pia kopo dogo la krimu. Mama yake amekasirika, anasema nitupe lote. Nifanye nini?
*Baba, Tunduma*

Jibu: Baba, usitupe mbele ya mtoto kabla hamjalikagua pamoja. Ataona umetupa furaha yake, na kesho atatumia ya rafiki yake ambayo hukuiona.

Picha ya mdoli si cheti. Machi 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilithibitisha kuwepo kwa asbesto kwenye baadhi ya vipodozi vya maduka ya Claire's, ambayo wateja wake wakubwa ni watoto na vijana. Asbesto huingia kupitia talki, madini yanayotumika kwenye poda na rangi za macho, kwa sababu ardhini madini hayo mawili hukaa jirani. Ndiyo maana kwa mtoto tunapendelea poda ya wanga wa mahindi kuliko ya talki.

Geuza boksi. Lazima uone jina la kiwanda na nchi, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Mara nyingi kuna pia alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M ndani yake: hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ofisi zao ndizo za kuuliza kama bidhaa imesajiliwa. Boksi lisilo na orodha ya viambato, mama ana haki: litupwe. Likiwa nayo, bado toa rangi za macho zenye vimetameta, maana kipande kimoja kinaweza kukwaruza mboni. Toa na gundi ya kucha. Zibakie rangi nyepesi za mdomo, nazo zipite jaribio la siku 7 tulilolieleza hapo juu.

Krimu ndiyo inayotutia hofu. Kama inaahidi kung'arisha, kuondoa madoa au kutakatisha, usiiache nyumbani. Soma kama kuna hydroquinone, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, au clobetasol na betamethasone, ambazo ni dawa za hospitali. Hizi mbili hulainisha ngozi haraka na kuifanya nyembamba, na ukiacha, vipele na wekundu hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mtu anazirudia. Zebaki huandikwa "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", ikiwa imeandikwa kabisa. Dalili nyingine ni onyo kwenye kopo kwamba krimu isigusane na fedha, dhahabu, mpira au aluminiamu. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na haiishii kwa aliyejipaka: inahama kwa taulo, shuka na kumbatio hadi kwa mtoto mchanga aliye nyumbani. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka ukomo wa sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi, na 2023 nchi wanachama zikaamua kuuondoa hata ukomo huo ili zebaki isiruhusiwe kabisa.

Na mwambie binti wazi, kwa maneno yako, kwamba rangi yake haihitaji marekebisho. Mkorogo huanza na mtu aliyesikia kinyume chake akiwa mdogo.

Swali: Rangi ya kucha inafaa kwa mtoto wa miaka 9?
*Mama, Mafinga*

Jibu: Inafaa wikendi na likizo, kama hatafuni kucha. Chagua ya maji inayobanduka bila asetoni. Kama ni ya kawaida, hakikisha haina toluini wala fomaldihaidi, na apakwe nje au dirisha likiwa wazi. Tunajua baridi ya Mafinga: watu hujifungia na jiko la mkaa chumbani. Rangi ya kucha na asetoni hushika moto kwa mvuke tu, kabla chupa haijafika kwenye jiko, kwa hiyo kamwe visitumike chumba chenye moto. Kucha za bandia na supaglu hapana. Supaglu ikidondokea nguo ya pamba hupata joto la kuunguza ngozi. Jumapili jioni itolewe, Jumatatu ni shule.

Swali: Kamwene! Mpwa wangu wa miaka 12 anataka kuchorwa piko mikononi kwenye sendofu ya dada yake. Wengine wananiambia haina neno kwa sababu haigusi uso. Ni kweli?
*Shangazi, Iringa mjini*

Jibu: Kamwene, shangazi. Kati ya vyote vilivyoulizwa mwezi huu, hiki tungekikataa bila kusita. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa inayokwenda kahawia, na inataka saa kadhaa ili ikolee. Piko inayotoa weusi mkali kwa muda mfupi kwa kawaida ina PPD, kemikali ya rangi za nywele. Mtoto anaweza asione kitu siku ile, kisha baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili, maua yaleyale yakavimba na kutoka malengelenge kwa umbo la mchoro. Yakipona huacha alama.

Mwili ukishaitambua PPD hausahau. Miaka kumi baadaye akipaka nywele rangi, uso na kope vinaweza kuvimba vibaya. Achorwe hina ya kawaida, na mchoraji aonyeshe unga na maji anayochanganyia. Akisema ameongeza "dawa ya kuifanya nyeusi", mshukuru na uondoke. Ikishatokea ameweka piko na kunawasha, osha mara moja kwa maji na sabuni, na malengelenge yakitoka nenda hospitali, usipake mafuta ya kubahatisha.

Swali: Binti yangu ana miaka 12 na ana ualbino. Dada zake wanajipaka poda na lipshaini Jumapili, yeye anakaa pembeni. Nahofia ngozi yake. Kuna chochote kinachomfaa?
*Mama, Makambako*

Jibu: Kipo, mama, na asikae pembeni. Ila kwake mpangilio ni lazima ufuatwe. Cha kwanza siku zote ni losheni ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Huku juu baridi hutudanganya: kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10, na mtu hasikii joto la kumwonya. Chora mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, urefu wote. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Masikio asiyasahau. Apake dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka na arudie kila saa mbili akiwa nje. Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, iulizie kwenye kliniki ya ngozi.

Losheni ikikauka, poda nyepesi inaruhusiwa juu yake, yenye rangi ya ngozi yake mwenyewe. Asiazime ya dada zake, itamwacha na mabaka. Akirudia losheni, aipangusie kwanza poda kwa kitambaa laini. Nyusi azipitishe penseli ya kahawia hafifu au ya rangi ya mchanga, kwa vistari vifupifupi kufuata nywele. Nyeusi itakuwa kali mno usoni pake.

Lipshaini ya kawaida asitumie mchana, kwa kuwa haimkingi, na mdomo wa chini ndio unaopigwa na jua zaidi. Nunua ya mdomo yenye SPF, zipo zenye rangi kidogo, na airudie kila baada ya kula. Kofia ya ukingo mpana, wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka kichwa chote, ibaki palepale: hakuna kipodozi kinachochukua nafasi yake. Jioni, jua likizama, anaweza kutumia lipshaini ileile ya dada zake kwa aina na rangi, katika tyubu yake mwenyewe.