Kulea vifaranga wa gapi: shughulikia maji kwanza

Gapi wangu wa kwanza, samaki mdogo wa kufugwa kwenye tangi la kioo, alizaa usiku, na asubuhi nikahesabu vifaranga 31 waliojibanza kwenye majani. Siku ya sita walikuwa wamebaki wanne. Samaki wakubwa hawakuhusika, maana nilikuwa nimeshawatenga. Waliuawa na chakula nilichowapa mwenyewe.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba kiini cha yai la kuchemsha huwakuza haraka. Nikakisaga, nikakikoroga, nikawamiminia mara tatu kwa siku. Walichoshindwa kula kilituama chini na kuoza. Asubuhi ya siku ya tano nilikuta maji yamepauka kama yametiwa maziwa, na vifaranga wako juu kabisa wanahema. Weupe ule ni bakteria wanaozaliana kwenye uozo, na uozo huo hutoa amonia, sumu ambayo kifaranga wa milimita saba hana mwili wa kuistahimili. Tangu siku hiyo kiini cha yai hakijaingia tena kwenye tangi langu, na sikushauri ukitumie hata kwa kiasi kidogo.

Gapi, moli, plati na wenzao wa mkia wa upanga hawatagi. Mayai huangulika tumboni mwa mama, na mtoto hutoka akiwa kamili: anaogelea, anaona, na siku hiyo hiyo anatafuta chakula. Mimba huchukua kama wiki nne, wakati mwingine pungufu kidogo maji yakiwa na joto. Jike ana uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo usishangae jike anayeishi peke yake akizaa, kisha akazaa tena. Dalili za kukaribia kuzaa ni tumbo lililojaa mpaka likawa kama la mraba ukilitazama kwa ubavu, na doa karibu na pezi la chini ambalo huzidi kuwa jeusi.

Wengi hapo hukimbilia kisanduku cha kuzalia. Mimi nilikiacha. Jike akibanwa mle hushtuka, huzungukazunguka akigonga kuta, na wengine huzaa kabla ya wakati. Siku hizi najaza upande mmoja wa tangi mimea iliyosongamana, mmea wa mosi ya java chini na mimea inayoelea juu, kwa sababu kifaranga akizaliwa hukimbilia juu na kujificha penye kivuli. Wapo watakaoliwa, na mama mwenyewe atakuwa miongoni mwa walaji. Asubuhi nawachota waliobaki kwa kikombe, si kwa wavu, ili wasitoke kwenye maji hata kidogo.

Wanahamia kwenye tangi la lita 30. Maji yake nayachota kwenye tangi la mama yao, na chujio lake ni la sifongo linalosukumwa na hewa. Chujio la kawaida lenye mvuto mkali litawameza. Hiyo sifongo isiwe mpya: iache wiki nne hadi sita kwenye tangi kubwa kwanza, ishike bakteria wanaokula amonia. Kama ningelijua hili moja tu mwanzoni, wengi wa wale 31 wangepona. Joto naliweka kati ya nyuzi 25 na 26.

Sasa chakula. Matumbo yao ni madogo sana, kwa hiyo kidogo mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko kingi mara mbili. Chakula cha kawaida cha vipande nakisaga kwa vidole mpaka kiwe vumbi. Ila kinachowakuza kweli ni artemia, vidudu wadogo wa maji ya chumvi, walioanguliwa muda huo. Natia maji lita moja kwenye chupa, chumvi gramu 25 hivi, mayai ya artemia kwenye ncha ya kijiko, kisha napuliza hewa usiku na mchana. Kwenye nyuzi 27 huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Nazima hewa, maganda yanaelea, nao wanakusanyika penye mwanga. Nawavuta kwa mpira mwembamba, nawachuja kwa kitambaa, nawasuuza chumvi iishe.

Baada ya dakika kumi chukua tochi umulike tangi. Kila kifaranga aliyekula utamwona na kitumbo cha rangi ya chungwa, kwa kuwa ngozi yake bado inaonyesha ndani. Mwenye tumbo tupu siku mbili mfululizo ana shida, mwangalie kwa karibu.

Kila baada ya siku moja nabadilisha asilimia 20 ya maji, nikinyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba. Maji hayo nayaelekeza kwenye ndoo nyeupe, maana hakuna siku ambayo mpira haujavuta kifaranga mmoja au wawili, na kwenye ndoo nyeupe unawaona mara moja ukawarudisha. Maji mapya yawe na joto lile lile, na yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza usiku kucha huondoa klorini, lakini kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayasaidiki hivyo.

Kuanzia wiki ya nne anza kutazama lile pezi la chini. La dume hukonda likawa kama kijiti, la jike hubaki pembetatu. Watenge hapo hapo, maana jike akibeba mimba angali mdogo hudumaa.

Kwenye tangi kubwa nawarudisha wakifika sentimita mbili, mwili ukiwa umeshinda mdomo wa wakubwa. Nafanya hivyo jioni, wakubwa wakiwa wameshiba, kisha nazima taa.