Malisho Kwanza, Ng'ombe Baadaye: Maswali Yenu na Majibu

Nasikia serikali inatoa ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Najiandikisha wapi? (Wasomaji wengi)

Kwa afisa mifugo wa kata yako. Nilijibu hivyo mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Wanaouliza hawasemi wako wilaya gani, wana eneo kiasi gani, wala maji wanayachota umbali gani, na bila hayo sina la kuongeza. Nasisitiza jambo moja tu: mtu akikudai pesa ya fomu, mpeleke kwa mtendaji wa kata mkaulizane hapo hapo. Kisha panda majani kabla hujasaini chochote. Ng'ombe akishafika bandani huwezi kumwambia asubiri mvua.

Ng'ombe wangu amehimilishwa (amepandikizwa mbegu ya dume kwa mrija) mara tatu na hashiki mimba. Mtaalamu anasema nibadilishe mbegu. Je, mbegu za serikali ni mbovu? (Msomaji, Mufindi)

Barua yako ina kurasa mbili. Umeeleza rangi ya ng'ombe, umri wake na bei uliyomnunulia. Hakuna mstari hata mmoja unaosema anakula nini.

Tuanze na mbegu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huzihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika, ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukikauka njiani, mbegu hufa hata kama dume lake lilikuwa bora namna gani. Kwa hiyo muulize mhimilishaji mtungi wake ulijazwa lini. Ni haki yako, wala si kumkosea adabu.

Pili, muda. Joto la ng'ombe, yaani hali ya kutaka dume, hurudi kila baada ya siku 21 hivi na halikai hata siku nzima. Ukimwona asubuhi anatulia kupandwa na wenzake, ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Wengi hupiga simu alasiri, mtaalamu anafika keshokutwa, halafu lawama anabebeshwa dume ambaye hata hayupo.

Tatu, na hapa ndipo ninapouma meno kila mwaka: njaa. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huchelewa kurudi kwenye joto, na akirudi hashiki. Mwenye kilo 400 anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, na maji ya kunywa muda wote. Wafugaji husema ng'ombe hukamuliwa mdomoni. Mimba nayo huanzia huko huko.

Nawaambia na wakubwa wanaosoma ukurasa huu. Taarifa za mipango yetu hueleza mirija ya mbegu iliyosambazwa na mitamba (majike ambayo hayajazaa) iliyogawiwa. Nataka kuona ekari za malisho zilizopandwa zikiandikwa kwenye taarifa hizo hizo, ukurasa wa kwanza. Kilimo kina wizara yake na mifugo ina yake, lakini mwananchi wa Mufindi ana shamba moja. Mabua ya mahindi anayachoma Agosti kusafisha shamba, Oktoba ng'ombe wake anasimama na mbavu nje. Mabua yale yakikatwakatwa, yakahifadhiwa pakavu na kulishwa pamoja na pumba na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta), yanamvusha kiangazi. Nani amemfundisha? Bwana shamba anaona ni kazi ya mifugo, wa mifugo anaona ni mabaki ya mazao.

Mbolea ya ruzuku nimeipata misimu miwili mfululizo, lakini mahindi hayaongezeki. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Mbozi)

Feki ipo, na mfuko ulioshonwa upya usiupokee. Lakini kabla ya kumshtaki wakala, pima udongo. Ruzuku iliyorejeshwa msimu wa 2022/23 imewafikia wengi na naiunga mkono kwa moyo wote. Kasoro yake ni kwamba mkulima anapata mfuko wa mbolea kabla ya kujua shamba lake linadai nini.

Maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini yana udongo wenye tindikali. Katika udongo huo fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, hufungwa, mmea hauipati, nawe unaendelea kuimwaga. Mbolea za kukuzia, Urea na SA, zikitumika mwaka baada ya mwaka bila kitu kingine huzidisha tindikali, SA zaidi. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kitakachotokana na vipimo. Usikadirie kwa macho. TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, wao ndio wa udongo. Anza kwa bwana shamba akuelekeze namna ya kuchukua sampuli na pa kuipeleka.

Halafu samadi. Una ng'ombe wawili, umeandika mwenyewe, na samadi yao imerundikwa nyuma ya banda inanyeshewa. Ifunike, iive, irudi shambani.

Ng'ombe gani anatoa maziwa mengi kuliko wote?

Unayeweza kumlisha. Friesian ni bingwa kwenye baridi na chakula tele. Kama uko Muheza au Bagamoyo, kwenye joto na kupe, tafuta chotara.

Nimeajiriwa, nina miaka 27. Niache kazi niingie BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo na ufugaji?

Usiache kazi kwa tangazo. Nenda kwanza Chinangali, Dodoma, ukaone shamba la pamoja kwa macho yako na uzungumze na vijana waliopo. Upande wa mifugo, vituo atamizi, yaani vya mafunzo kwa vitendo, vimewafundisha vijana kunenepesha ng'ombe wa nyama. Ukitaka maziwa, hiyo ni kazi nyingine na ratiba nyingine. Uliza maji yanatoka wapi, nani ananunua mazao, na mkopo unaanza kulipwa lini. Asiyekujibu hayo matatu hajawa tayari kukupokea. Mimi nawapenda vijana wanaorudi shambani, na ndiyo maana sitaki warudi mjini na madeni.

Ng'ombe wangu wamechanjwa kwenye kampeni ya serikali na kuvishwa hereni. Niache kuwaogesha dawa ya kupe?

Hapana! Chanjo ya homa ya mapafu haizuii ndigana kali. Ndigana huletwa na kupe, ina chanjo yake, na hata aliyechanjwa anaendelea kuogeshwa.

Kituo cha kukusanyia maziwa kimekataa maziwa yangu mara mbili wiki hii. Ni haki? (Mama mfugaji, Rungwe)

Pole, dada yangu. Najua lita ishirini kurudi nazo nyumbani zinauma. Lakini jibu liko ndani ya barua yako: unachanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi kwenye ndoo moja ya plastiki. Ya jioni yamelala bila ubaridi, bakteria wamezaliana usiku kucha, na yanaharibu hata mazuri ya asubuhi. Kipimo cha spiriti kinayagandisha, mpokeaji hana la kufanya. Tumia chombo cha aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, na ya jioni yawe peke yake. Ya asubuhi yafike kituoni mapema, yaingie kwenye tangi yapozwe hadi nyuzi 4.

Umetaja pia, kama jambo dogo, kwamba ng'ombe mmoja anachomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Si dogo. Maziwa yake yasiende kituoni wala kwenye chai ya watoto mpaka zipite siku zote za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, zikihesabiwa tangu sindano ya mwisho. Mkamue wa mwisho, baada ya wazima, na mkono uoshwe kabla hujagusa mwingine.