Maswali ya Wasomaji: Mtego Umejaa Nzi, Maembe Bado Yana Funza

SWALI: Nina miembe 60 na nimetundika mitego minne yenye kivutio cha methili-eujenoli. Kila wiki namwaga nzi wa matunda mamia, lakini maembe yanayokaribia kuiva bado yanaoza, ukiyapasua yana funza. Je, nimeuziwa dawa feki? (Msomaji, Mkuranga)

JIBU: Dawa yako ni nzima. Ingekuwa feki mitego ingekuwa mitupu. Chukua nzi ishirini kutoka mtegoni uwatazame ncha ya tumbo. Jike ana mrija uliochongoka kama sindano, ndio anaotobolea ganda la embe ili atage. Dume tumbo lake ni butu. Hao ishirini wote watakuwa butu.

Methili-eujenoli humwita dume peke yake, tena wa Bactrocera dorsalis, nzi mwenye asili ya Asia ambaye Kenya na Tanzania zilimgundua mwaka 2003. Dume huilamba, na mwili wake huigeuza kuwa harufu ya kuvutia majike. Ndiyo maana huifuata kutoka mbali sana. Jike hana kazi nayo, na anayeharibu embe ni jike.

Utasema: madume wakiisha, majike watatagaje? Ni kweli, ila lazima waishe karibu wote. Dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo ukiua tisa kati ya kumi, yule mmoja aliyebaki anatosha. Katika kisiwa cha Rota, bahari ya Pasifiki, miaka ya 1960, ndege zilidondosha vipande vya ubao vilivyoloweshwa kivutio na sumu, na nzi huyo akatoweka kabisa. Japani nayo ilimmaliza katika visiwa vyake vya kusini kufikia 1986. Hivyo ni visiwa. Wewe una jirani mwenye miembe isiyotunzwa, na majike waliokwisha kupandwa huko wanahamia kwako na mimba zao.

Kwa hiyo usiitoe mitego, iongeze. Kiasi kinachotumika sana ni mitego 10 kwa hekta, na miembe 60 iliyopandwa kwa nafasi ya mita 10 inachukua zaidi kidogo ya nusu hekta: weka sita. Kisha mtafute jike kwa kitu anachokihitaji, yaani protini. Bila protini mayai yake hayakomai, naye hufuata harufu ya chachu. Chambo cha protini ya chachu kilichochanganywa na kiuatilifu kama spinosadi hupulizwa kwa doa: takriban mililita 50 kwa mti, eneo la mita moja ya mraba, upande wa chini wa majani, mbali na matunda. Anza maembe yakiwa na ukubwa wa gololi, rudia kila wiki hadi mavuno, na mvua ikiosha pulizia tena. Usikiweke chambo hiki karibu na mtego wa methili-eujenoli.

Chambo hicho kina faida nyingine. Nzi wetu wa asili wa maembe, Ceratitis cosyra, haitiki kabisa methili-eujenoli. Huenda sehemu ya funza unaowaona ni wa kwake, na mitego yako haiwezi kukuonyesha hilo.

La mwisho wengi hulidharau, nasi tunaliona la kwanza kwa uzito: okota maembe yaliyoanguka mara mbili kwa wiki. Funza hutoka ndani ya tunda, hujichimbia sentimita chache udongoni, na baada ya wiki mbili hivi huibuka nzi kamili. Fukia kwa kina kisichopungua nusu mita, au yafunge ndani ya mfuko mweusi wa nailoni uuache juani siku kadhaa. Kuyatupa kwenye shimo la samadi ni kufuga nzi.

SWALI: Hapa Pemba mafuta ya karafuu yapo tele, na nasikia kivutio hicho kinatokana na eujenoli. Naweza kuyatumia kwenye mtego wa chupa ya maji badala ya kununua? (Msomaji, Wete)

JIBU: Majina yanafanana, pua ya nzi haidanganyiki. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli. Ikiongezewa kikundi cha methili ndipo inakuwa methili-eujenoli, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomleta dume. Eujenoli tupu humvuta kidogo mno. Nunua kivutio chenyewe. Chupa endelea kutumia ya maji.

Toboa matundu manne ya sentimita 2 upande wa juu. Kwa kipande cha kuning'iniza ndani, tumia ubao laini wa plaiwudi wa sentimita 5 kwa 5, unene sentimita moja hivi. Kichanganyo kinachotumika sana India ni sehemu 6 za spiriti ya ethanoli, 4 za methili-eujenoli na 1 ya malathioni, dawa ya kuua wadudu. Loweka ubao saa 72 katika chombo kilichofungwa, kisha uuache ukauke kivulini. Vaa glavu, na chombo hicho kisirudi jikoni. Badilisha ubao baada ya wiki sita hadi nane.

Kosa la kawaida: tone linadondokea nje ya chupa. Nzi watatua nje, walambe, waondoke. Chupa iliyochafuka ioshwe kwa sabuni au itupwe.

SWALI: Sisimizi wale wa maji moto wanaingia mtegoni na kula nzi waliokufa, siwezi kuhesabu. Niwapulizie dawa? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: La hasha. Paka grisi kwenye waya wa kutundikia, na ukate matawi yanayogusa chupa, basi. Grisi ikishika vumbi, ipake upya. Sisimizi hao wanauma, wachumaji wanawalaani, lakini harufu wanayoiacha juu ya embe humfanya nzi jike asite kutaga. Afrika Magharibi wakulima wa maembe wanawatunza kwa makusudi.

SWALI: Je, kivutio hicho kitanasa kantangaze kwenye nyanya? (Msomaji, Meru, Arusha)

JIBU: Hapana. Kantangaze ni nondo, na kila mdudu ana harufu yake. Unahitaji feromoni (harufu ya jike inayoita madume) ya Tuta absoluta, ndilo jina la kitaalamu la kantangaze. Huuzwa kama kidonge cha mpira kinachoning'inizwa juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo, chini karibu na mimea. Kinanasa madume tu, kwa hiyo mitego miwili au mitatu kwa hekta ni ya kukujulisha siku ya kuanza hatua nyingine. Haitaokoa nyanya peke yake. Hifadhi vidonge kwenye friji, badilisha kila wiki nne hadi sita, na usivishike kwa mkono uliotoka kushika feromoni ya mdudu mwingine.