Una rafiki mmoja na wiki tatu kabla ya mashindano ya sataranji

Mkuu uliyetuandikia kutoka Nkuhungu, Dodoma, umeuliza kama kucheza na jirani yako, ambaye unamfunga karibu kila siku, kutakusaidia kwenye mashindano ya dakika 60 kwa kila mchezaji. Kutakusaidia, ila si kwa mtindo wenu wa sasa: michezo kumi ya dakika tano kila jioni, porojo nyingi, na "rudisha hiyo, sikuona". Hapo mnazoezana kutoona.

Kwa wiki moja chezeni michezo mitatu tu, kwa dakika zilezile za mashindano. Saa ya bure ya kwenye simu inatosha, lakini izimwe mtandao. Mkono uliosogeza kete ndio ubonyeze saa. Kete ukiigusa, icheze. Ukitaka kuiweka sawa tu, sema "narekebisha" kabla ya kugusa.

Yanayowaumiza wengi waliozoea kucheza mtaani ni madogo. Unapomficha mfalme kwa ngome (ile hatua moja inayosogeza mfalme na ngome pamoja), anza na mfalme, kwa mkono mmoja. Ukigusa ngome kwanza kwa makusudi kisha mfalme, kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, huruhusiwi kumficha upande huo kwa hatua hiyo. Askari akifika mwisho, mtoe na uweke malkia halisi kabla ya kubonyeza saa. Ile ngome ya kupindua kichwa chini tunayoita malkia barazani, mwamuzi anaihesabu ngome. Hatua isiyo halali ya kwanza humpa mpinzani dakika mbili za ziada. Ya pili, umefungwa.

Andikeni kila hatua kwenye daftari: cheza kwanza, ndipo uandike. Kila baada ya hatua tano andika na dakika zilizobaki. Safu hiyo ya dakika ina faida kuliko matokeo yenyewe. Ukikuta hatua ya 15 umebakiwa na 52, ulikuwa unacheza kwa mazoea. Ukibakiwa na 20, utakuja kukimbizana mwishoni.

Mchezo ukiisha msikimbilie kompyuta. Rudieni wote kwa mdomo, kila mmoja aseme alichokuwa anakiogopa pale. Utashangaa: mara nyingi wote wawili mliogopa vitu ambavyo havikuwepo. Kisha ndipo muulize programu, na kila kosa lako liandikie sababu: sikuona, niliharakisha, au sikujua. "Sikujua" ni chache kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usikeshe na video za ufunguzi.

Tatizo la rafiki ni kwamba mmeshajuana. Mwombe afungue kwa kusogeza askari hadi mraba wa e4 leo, d4 kesho kutwa, c4 mchezo unaofuata, hata kama hapendi. Na kwa kuwa unamfunga, mpe upande mzuri: chukueni mchezo ulioshinda, muanzie pale ulipopata nafuu, wewe ushike upande wake ujitetee.

Nusu saa moja kwa wiki iwe ya miisho ya mchezo, kete zikiwa zimebaki chache. Wekeni mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweusi, mweupe anashinda. Ikiwa ya mweupe, mweusi akijua kazi yake, ni sare. Badilishaneni pande mpaka vidole vijue vyenyewe. Nusu pointi nyingi hupotea hapa.

Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe, chezeni michezo mitatu mfululizo kuanzia saa tatu asubuhi, mapumziko dakika 20. Chezeni ndani. Upepo wetu wa Dodoma kuanzia Juni unaangusha kete nyepesi za plastiki na kupeperusha karatasi, na mtaishia kubishana farasi alikuwa wapi. Angalia utakavyocheza mchezo wa tatu baada ya ugali mzito wa mchana. Wengi hubadilisha chakula baada ya hapo.

Siku mbili za mwisho msicheze kabisa. Chukua kalamu mbili, na simu uiache nyumbani au umkabidhi mtu asiyecheza: ikilia ukumbini umepoteza mchezo, hata kama umebakiza hatua moja kushinda.